MAARIFA YA BARABARANI: Motokaa ya Magurudumu ya Nyuma na Utelezi wa Masika

Masika yanapoingia katika nyanda za juu za Kenya, mkulima hufurahi, kwa kuwa mahindi, viazi na majani ya ng'ombe hutegemea mvua hiyo. Lakini mvua ile ile inayomlisha humwekea mtego njiani. Barabara ya udongo iliyokuwa ngumu kama sakafu mwezi wa Februari huwa kama sabuni mwezi wa Aprili, na mwenye motokaa ambaye hakubadili mwendo wake pamoja na majira hujikuta mtaroni. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai," nao walisema kweli. Hata hivyo, kwa mwenye motokaa ambayo nguvu za injini hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma, upole peke yake hautoshi. Yampasa pia aijue tabia ya chombo chake.

Uchukuliwe mfano wa mkulima wa upande wa Kinangop, mwenye pikapu ambayo kila asubuhi hupeleka maziwa. Alfajiri moja, baada ya mvua ya usiku kucha, aliondoka na madebe yaliyojaa, akapita kona mbaya iliyo karibu na kalvati polepole kwa hofu, akafika salama. Alipokuwa akirudi saa tano, moyo wake ulikuwa umetulia. Mzigo aliushusha, jua lilikuwa limetoka, na nyumbani hakukuwa mbali. Ndani ya gari alikuwamo mkewe, aliyempakata mtoto. Kwenye kona ile ile mkia wa gari ulitoka ghafula. Yeye akakanyaga breki kwa nguvu zote, na gari likazunguka nusu, likaingia mtaroni kwa ubavu. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia, ila kioo kilipasuka na madebe mawili yakabonyea.

Jirani yake, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi, alipokuja kusaidia kulivuta gari alimwuliza, "Mwanangu, asubuhi ulipita hapa na mzigo?"

"Ndiyo, mzee. Nilipita vizuri kabisa."

"Basi mzigo ndio uliokupitisha. Sasa umerudi mtupu, ukadhani hatari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza."

Maneno ya mzee huyo yanafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna somo zima.

KWA NINI MKIA HUTOKA

Katika gari la namna hii injini hukaa mbele, na nguvu zake hupita katika propela chini ya gari mpaka kwenye difu, kisha zikagawanywa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ya mbele hufanya kazi ya kuongoza, na ya nyuma hufanya kazi ya kusukuma. Ndivyo yalivyo malori karibu yote, matatu za Toyota Hiace, pikapu zisizotumia magurudumu manne, na saluni kama Toyota Mark X. Motokaa kama Toyota Vitz na Toyota Probox za kawaida hazimo, kwa maana hizo huvutwa na magurudumu ya mbele.

Tairi hushika barabara kwa kadiri ya uzito unaolikandamiza. Pikapu tupu ina uzito mwingi mbele, kwenye injini, na uzito mdogo nyuma. Kwa hiyo magurudumu yanayopewa kazi ya kusukuma ndiyo yenye uzito mdogo wa kuyashikisha chini. Katika barabara kavu jambo hilo halionekani. Katika tope, dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi, magurudumu ya nyuma huzunguka bure, na tairi linalozunguka bure haliwezi tena kuzuia gari lisiende upande. Hapo mkia hutoka nje ya kona, na gari hutaka kugeuka lenyewe.

Si haki, hata hivyo, kulilaumu gari hilo kwa kila jambo. Linapopanda mlima, uzito hurudi nyuma na kuyakandamiza magurudumu yanayosukuma, hali gari linalovutwa kwa mbele hupungukiwa na mshiko hapo hapo linapouhitaji. Tena usukani wake ni huru, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayana kazi mbili. Mashindano ya motokaa ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalitoa ushahidi mzuri. Katika mwaka 1963, na tena mwaka 1968, mvua na tope vilikuwa vikali hata magari saba tu yakamaliza safari. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari la magurudumu ya nyuma. Volkswagen ndogo, ambayo injini yake imekaa nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Ni dhahiri, basi, kwamba chombo hicho hupita topeni kikipata mtu anayekijua.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza ni matairi. Kazi ya mifereji iliyochongwa katika tairi ni kuyatoa maji na tope ili mpira uguse ardhi. Tairi lililolika likawa laini halina njia ya kuyatoa, na hapo gari huelea juu ya maji kama mtumbwi. Wako wenye magari ambao huweka matairi mazuri mbele na yaliyochakaa nyuma, wakidhani kuwa yaliyo muhimu ni yale yanayoongozwa na usukani. Hilo ni kosa. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari huendelea kwenda mbele, na mara nyingi dereva akipunguza mwendo huokoka. Ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka, na wachache ndio wawezao kulirudisha. Matairi mazuri yafaa yawe nyuma, na bora zaidi yote manne yawe mazuri. Upepo wa matairi ufuate kipimo kilichoandikwa na watengenezaji, ambacho mara nyingi kimebandikwa kwenye mlango wa dereva.

Jambo la pili ni uzito. Mwenye pikapu tupu aweke magunia ya mchanga, kilo 50 mpaka 100, juu ya ekseli ya nyuma, wala si mwishoni kabisa mwa bodi, kwa maana uzito uliopita sana nyuma huinua pua ya gari na kuufanya usukani kuwa mwepesi. Magunia yafungwe kwa kamba imara yasije yakaruka mbele gari likisimama ghafula. Mchanga una faida ya pili: gari likikwama, humwagwa chini ya tairi. Lakini uzito huo usiwe sababu ya kujaza kupita kiasi. Gari lililozidishiwa mzigo huchelewa kusimama, na watu waliopandishwa juu ya shehena ndio wanaotupwa kwanza.

Jambo la tatu ni vifaa. Dereva wa masika asikose jembe au koleo, panga, kamba nene ya kuvutia, mbao mbili fupi, tochi na jeki yenye kibao cha kuwekea chini ili isizame. Minyororo ya kufungia matairi nayo hufaa sana topeni. Katika gari hili hufungwa kwenye magurudumu ya nyuma, na huondolewa mara gari lifikapo barabara ngumu.

UDONGO HAUFANANI

Dereva mwerevu huitazama barabara kama mkulima atazamavyo shamba. Udongo mwekundu wa miteremko ya Kiambu, Murang'a, Nyeri na Meru huloa juu huku chini ukiwa bado mgumu. Gari halizami sana, bali huteleza, na kwa kuwa barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yakimbilie kando, gari huteleza kuelekea mtaroni. Hapo yafaa kupita katikati, juu ya mgongo wa barabara, kama njia inaonekana mbele na hakuna anayekuja. Akitokea mwingine, mwendo hupunguzwa kwanza, kisha ndipo gari huletwa kushoto taratibu. Kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja ndiko kunakopeleka wengi kwenye mtaro.

Udongo mweusi wa mbuga za Athi, wa Mwea na wa uwanda wa Kano ni wa tabia nyingine. Wakati wa jua hupasuka nyufa. Wakati wa mvua huvimba, hunata, na kuyajaza matairi mpaka yawe kama magogo. Hapo hatari kubwa ni kuzama. Yafaa kuendelea kwa mwendo mmoja bila kusimama, na mahali ambapo malori yamechimba mifereji mirefu, afadhali kupitisha magurudumu juu ya kingo zake kuliko kuuacha uvungu wa gari ukwame katikati.

Hata lami haiaminiki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka, na kwa muda barabara huwa telezi kuliko itakavyokuwa mvua ikisha kuiosha. Kwenye vilima vya Limuru na Kinungi ukungu huongezeka juu ya utelezi, na hapo anayeendesha kwa mazoea ya jana huendesha kama kipofu.

KUONDOKA, KUPANDA NA KUTEREMKA

Siri ya kuondoka mahali pa utelezi ni kunyima injini nguvu nyingi. Gia ya pili hufaa kuliko ya kwanza, klachi iachwe polepole, na mafuta yakanyagwe kana kwamba chini ya kiatu kuna yai. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, dawa ni kupunguza mafuta, si kuongeza. Kila mzunguko wa bure huchimba shimo na kulisugua tope liwe telezi zaidi.

Kabla ya kupanda mlima, dereva achague gia yake chini, apate kasi ya kiasi, na aishike mpaka juu bila kubadili. Anayebadili gia katikati hupoteza mwendo, na akirudisha klachi kwa ghafula magurudumu hukatika mshiko. Gari likishindwa, asilazimishe. Akanyage breki, aingize gia ya kurudi nyuma, na arudi taratibu akiwa amenyosha usukani, injini ikilishikilia gari. Kuteremka kinyumenyume bila gia ni kujitupa.

Wakati wa kuteremka, gia ndogo huingizwa kabla ya kilima kuanza. Lakini hapa mwenye gari la magurudumu ya nyuma anatakiwa kukumbuka jambo ambalo wengi hawalijui: injini inapozuia mwendo, huyazuia magurudumu ya nyuma peke yake. Akiingiza gia ndogo kwa pupa katikati ya mteremko wa tope, magurudumu hayo hufungwa kama kwamba amevuta breki ya mkono, na mkia hutoka. Ukianza kutoka kwa sababu hiyo, akanyage klachi, au aongeze mafuta kidogo mno, mpaka magurudumu yazunguke tena sawa na mwendo wa gari.

Kuhusu kusimama, kanuni za barabara za Uingereza hutoa hesabu inayofaa kukumbukwa popote. Gari linalokwenda kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 hivi ili kusimama barabara ikiwa kavu. Barabara ikiloa, umbali huo huhesabiwa mara mbili. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kukokotwa na breki huongezeka mara nne. Kwa hiyo anayefuata gari la mbele kwa karibu wakati wa mvua hategemei breki zake, bali hutegemea bahati.

MKIA UKISHATOKA

Hapa ndipo mkulima wa Kinangop alipokosea. Alikanyaga breki, na magurudumu yaliyofungwa hayana mshiko wa kuongoza wala wa kuzuia. Yalimpasa kufanya mambo manne kwa utaratibu: kuondoa mguu kwenye mafuta bila kushtuka, kuiacha breki, kukanyaga klachi ili magurudumu ya nyuma yawe huru, na kugeuza usukani upande ule ule ambao mkia unaelekea. Mkia ukienda kushoto, usukani huenda kushoto. Ukienda kulia, usukani huenda kulia. Macho yabaki kutazama mahali gari linapotakiwa kwenda, wala si mtaroni, kwa maana mikono hufuata macho.

Gari likianza kunyooka, usukani urudishwe mara moja. Anayechelewa huona mkia ukiruka upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na ajali nyingi hutokea katika mruko huo wa pili.

Magari ya siku hizi mengi yana breki zinazojizuia zisifunge magurudumu, na mengine yana mtambo unaosaidia kulinyosha gari. Mwenye gari la namna hiyo, akilazimika kusimama kwa dharura, akanyage breki kwa nguvu bila kuachia, na aendelee kuongoza. Hata hivyo, juu ya changarawe na tope breki hizo zaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kabla ya gari kusimama. Mtambo husaidia aliyekosea kidogo. Haumsaidii aliyeingia kwenye kona kwa mwendo wa kichaa. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka.

GARI LIKIKWAMA

Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo rahisi kuzunguka. Ndiyo maana gurudumu moja huchimba kaburi huku la pili, lililo mahali pagumu, limesimama. Kama breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma, kuivuta kidogo wakati wa kuondoka humzuia yule anayezunguka bure, na nguvu humwendea mwenzake. Ni ujuzi wa madereva wa zamani, nao haugharimu hata senti moja.

Jambo hilo lisipofaa, tope liondolewe kwa jembe mbele ya magurudumu yote, kisha mchanga, mawe madogo, matawi au mbao viwekwe mbele ya magurudumu ya nyuma. Gari laweza kubembezwa mbele na nyuma kwa mafuta kidogo, lakini si kwa muda mrefu, kwa kuwa klachi au gia za kujibadilisha zenyewe huungua. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya magurudumu, ambapo mbao na mawe huruka kama risasi. Na kamba ikifungwa kwa kuvutwa, watu wote wajitenge mbali nayo, kwa maana kamba iliyokatika imewavunja watu mifupa.

MAJI YANAYOPITA JUU YA BARABARA

Ipo hali moja ambayo ujuzi wa usukani hauna thamani, nayo ni mto uliovuka kivuko. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu huko Kitui, basi lililochukua waimbaji wa kwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji mbele ya macho ya watu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi ni chombo kizito, nalo lilichukuliwa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kuelea na motokaa ndogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi. Tena chini ya maji mekundu hakuna ajuaye kama barabara bado ipo. Maziwa yakimwagika ni hasara ya siku moja, na harusi yaweza kungoja mpaka jioni.

NDUGU WALIO KWENYE THELUJI

Wasomaji wengi wana watoto au ndugu walioko Ulaya, Marekani na Kanada, ambako mtego si tope bali ni theluji na barafu. Sheria za mshiko ni zile zile, isipokuwa huko ni kali zaidi: kanuni za Uingereza huonya kwamba juu ya barafu umbali wa kusimama waweza kuwa mara 10. Wenye pikapu za magurudumu ya nyuma katika majimbo ya kaskazini ya Marekani huweka magunia ya mchanga juu ya ekseli, kama inavyopasa kufanywa Kinangop. Zaidi ya hayo, hufunga matairi ya majira ya baridi, ambayo mpira wake haugandi joto likishuka chini ya digrii 7. Matairi hayo hufungwa yote manne, wala si mawili ya nyuma tu, ili usukani na breki navyo vipate mshiko. Huko Ujerumani, tangu mwaka 2010, sheria imeyalazimisha barabara zikiwa na theluji au barafu. Mzazi anayemwandikia kijana wake barua atakuwa amemfaa akimkumbusha jambo hilo.

Yule mkulima wa Kinangop alitengeneza kioo, akanyosha madebe yake, na tangu siku ile magunia matatu ya mchanga hukaa nyuma ya pikapu mpaka masika yaishe. Asubuhi hupita kona ya kalvati polepole kama alivyokuwa akipita zamani. Mchana, akirudi mtupu, hupita polepole zaidi. Mkewe, anayekaa kando yake na mtoto, hana tena sababu ya kushika mlango kwa mikono miwili.